Kibaya Chajitembeza Hadi Omurushaka

Nyie vijana mnaokaa kwenye ngazi za ukumbi wa sinema wa mjukuu wangu pale Omurushaka, mkichezea simu na kutangaza kwamba picha fulani imekufa kabla haijafika hata Bukoba, leo nisikilizeni mimi. Nimekaa kwenye mlango wa ukumbi ule tangu mama zenu wakibebwa mgongoni. Kupika ndizi mnaweza kunishinda, na kusoma Kiingereza mmenishinda zamani. Lakini kukadiria picha itavuta watu wangapi, hapo hamniwezi.

Mimi nilikadiria kwa mabenchi. Yako ishirini, ya mti wa mkaratusi, na kila moja linakaliwa na watu sita wenye adabu au wanane wasio nayo. Ungeniletea picha mpya Ijumaa, Jumamosi ningekwambia mabenchi mangapi yatajaa Jumapili, na mara nyingi sikukosea. Nasema mara nyingi. Zile nilizokosea nitawaambia pia, maana ndizo zilizonisomesha, na ada yake niliilipa kwa aibu.

Aliyenifundisha kazi ni Ta Rwegasira, mtu wa Bukoba aliyeleta deki ya kwanza ya video na jenereta hapa njia panda. Aliniajiri kufagia na kukaa mlangoni. Alikuwa mzee mkavu, hacheki kwenye picha ya kuchekesha wala halii kwenye ya kuliza, kwa sababu muda wote alikuwa akitazama watu na siyo kioo. Siku alipoona nimeshaizoea kazi, akaniambia nichague picha moja mwenyewe, niipange siku ninazotaka. Nikachagua ya mapenzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeilia mpaka kitenge kikalowa.

Siku ya kwanza nikasimama mlangoni, kila anayetoka namuuliza ameionaje. Wote wakasema nzuri sana, Mungu akubariki, asante kwa kutukaribisha. Mzee mmoja wa Rugera alinishika mikono miwili akaniombea uzao. Nikajiona nimefuzu, nikaipanga siku nne mfululizo. Siku ya pili waliingia watu wa mabenchi matatu. Siku ya tatu aliingia mbuzi wa jirani, na yeye hakukaa mpaka mwisho.

Ta Rwegasira aliniuliza nilijuaje kwamba picha ni nzuri. Nikamweleza kwamba niliwauliza. Akaniangalia kwa huruma, kisha akasema, "Nani alikufundisha kumuuliza mgeni kama ndizi zimeiva? Atasema zimeiva, hata zikimkwama kooni."

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Sisi watu wa Karagwe, na wenzetu wa Kyerwa ni hivyo hivyo, hatumwambii mwenye nyumba kwamba chakula chake ni kibovu. Tunakula, tunashukuru, tunatafuna punje za kahawa alizotutengea, tunaaga, halafu tunanyamaza njia nzima mpaka nyumbani. Sifa kwetu ni adabu. Haina habari yoyote ndani yake. Mtu akikusifia picha mlangoni, amekusalimu tu. Lakini akitoka anaitukana, huyo amejisahau, na mtu aliyejisahau hasemi uongo.

Ila matusi nayo yana aina zake, msije mkanielewa vibaya. Kuna picha mbaya watu wakitoka wanasema mbaya, basi, wanaanza kuulizana bei ya sukari. Hiyo imekufa, izikeni. Na kuna picha mbaya watu wakitoka wanasema mbaya, halafu wanasimama njiani nusu saa wakisimulia ubaya wake, kwa mikono, kwa miguu, mmoja anakuwa steringi, mwingine anakuwa adui. Hiyo itajaza mabenchi mpaka mkome. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema kweli, ila hawakuwahi kukaa mlangoni pangu wakaona kinachojitembeza kinafika wapi.

Somo la pili nililipata kwa bibi mmoja wa Chonyonyo, Ma Kokubanza, Mungu amrehemu. Alikuja kila siku ya gulio, akauza mihogo yake, kisha akaingia kwangu na kukaa benchi la mbele, kona ya kushoto, na kikapu anachosuka mapajani. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Kiingereza, Kichina na Kihindi alivijua sawasawa, yaani hakuvijua kabisa. Wakati ule picha zilikuwa hazijaanza kutafsiriwa, kila mtu anajifahamia mwenyewe. Sasa mimi nilikuwa naitazama mikono ya Ma Kokubanza. Watu kwenye kioo wakiongea na kutaniana, mikono inasuka. Gari likining'inia ukingoni, mikono inasimama. Mama akinyang'anywa mtoto, mikono inasimama, na ukindu unaanguka chini. Picha ambayo mikono ya yule bibi ilisimama mara tano ilijaza mabenchi yote ishirini, sikumbuki hata moja iliyoniangusha.

Nikawa naelewa kidogo kidogo. Utani hauvuki mpaka, wala maneno matamu hayavuki. Kinachovuka ni kuanguka, kukimbia, kulia na aibu. Madereva wa malori wa Uganda waliolala njia panda, wafanyabiashara wa Rwanda, watu wa Nyakasimbi waliokuja kuuza maharage, wote walishtuka mahali pale pale aliposhtuka Ma Kokubanza. Tangu hapo sikuona ajabu mtu kuniuliza picha itafanyaje duniani. Dunia nilikuwa nimeikalisha kwenye mabenchi yangu miaka yote ile, na inanuka jasho tu kama sisi.

Nisijisifu mno. Kuna Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja nilikadiria mabenchi ishirini na wengine wasimame. Na kweli walijaa. Picha imefika katikati, jua linakaribia kuzama, mtu akapiga kelele nje kwamba senene wameshuka. Ala! Sikuwahi kuona ukumbi ukimwagika vile. Walitoka na makopo, na mifuko, kuwahi panzi wa kukaanga, mmoja alitoka na kofia ya mwenzake. Nikabaki mimi, jenereta na steringi. Nikatafakari kidogo, nikazima jenereta, nikachukua ndoo. Senene niliwakisia vizuri kuliko picha siku ile. Kwa hiyo wekeni hilo kichwani: kabla hujakadiria picha, tazama kwanza mbingu na shamba vinasema nini.

Haya, sasa niwaeleze ile ya msimu wa kahawa uliopita, ambayo nusu yenu mlikuwepo na mmeisimulia kwa makosa.

Magoti yalikuwa yameshanistaafisha. Ukumbi, ambao Ta Rwegasira aliniachia, nilimkabidhi mjukuu wangu Kemilembe, ambaye aliacha kazi ya dukani Kayanga akaja kununua projekta na kupaka kuta rangi. Binti yule anaipenda kazi ile kama nilivyoipenda mimi, na hilo linanipa raha nisiyoweza kuieleza. Lakini baba yake, mwanangu Mutalemwa, hakuupenda ukumbi hata kidogo. Alikuwa amempata mnunuzi wa kahawa kutoka Muleba aliyetaka kulikodi jengo liwe ghala. Alinijia na hoja, na hoja zake hazikuwa za kijinga. Watu wanatazama picha kwenye simu, akasema. Mabenchi hayajajaa tangu mwaka uanze. Kahawa haihitaji projekta. Nikaona tukibishana tutavunjiana heshima, mama na mwana. Tukakubaliana hivi: ije picha moja kubwa, ioneshwe Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumapili mabenchi ishirini yakijaa, ukumbi unabaki ukumbi. Yasipojaa, Jumatatu mabenchi yanakwenda kanisani na magunia yanaingia. Kemilembe alikubali kwa mdomo. Usiku hakula.

Picha kubwa ya kipindi kile ilikuwa ile ya daraja, mnaikumbuka. Mwanamume mwenye misuli, daraja refu la baharini linakatika, naye anakimbia juu yake amembeba mama mkwe wake mgongoni. Kemilembe alikuwa ameshaagiza nakala kwa mtafsiri wa Mwanza. Mara wachambuzi wa majuu wakaanza kuiponda. Waliiponda wote, kwa zamu, mpaka mkaanza kumcheka binti wa watu pale kwenye ngazi. Mkasema haitarudisha hata gharama ya kuitengeneza. Mmoja wenu, simtaji na anajijua, akaapa kwamba ikirudisha atanibebea mkungu wa ndizi kichwani kutoka kwao Nyakasimbi.

Kemilembe alikuja nyumbani na macho mekundu, anataka kubadilisha picha. Nikamwambia akae, anisomee wanachosema hao wataalamu, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Akasoma wa kwanza. Hadithi haina kichwa wala miguu, waigizaji ni magogo, na eti kitendo cha kumbeba mkwe juu ya daraja ni upuuzi: anamfunga mgongoni kwa shuka, mkwe anampiga kichwani, kamba zinakatika moja moja. Akasoma wa pili. Naye alichukia kila kitu, kisha akasimulia daraja na mkwe. Wa tatu vivyo hivyo. Alisoma saba, na wote saba walimbeba mkwe. Wa mwisho alikuwa na hasira kuliko wenzake, na ndiye aliyemsimulia mkwe kwa kirefu kuliko wote.

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kemilembe akadhani uzee umenipanda kichwani. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hawa hawakuiponda. Wamesimama njiani wanaisimulia."

Nikampa makadirio yangu siku ile ile, na ninyi mkayasikia kesho yake. Kwao ilikotengenezwa itaanguka wiki ya pili, kwa sababu wale wanasoma wachambuzi na wanataka maneno mazuri. Nchi nyingine zitaiokota na kuibeba. Itarudisha gharama yake, na juu yake itapata nyingine kama hiyo. Kwa nini? Kwa sababu daraja linavuka mpaka, na mkwe anavuka mipaka yote. Hakuna nchi ambayo mtu hana neno la kusema juu ya mkwe wake.

Na huku kwetu ndiyo usiseme. Mnajua nyumbani kwenu hali ilivyo. Mama mkwe hashikwi, hatazamwi usoni, ukikutana naye njiani unaingia kwenye migomba mpaka apite. Leo mwanamume amfunge mgongoni, miguu ya mkwe inaning'inia, dunia nzima inaona? Niliwaona wazee wa Chonyonyo wakigawanyika hata kabla picha haijafika. Hiyo ndiyo picha ninayoitaka mimi, ambayo mtu mzima anaionea aibu na hawezi kuiacha.

Basi wiki zikaenda. Kwao ikaanguka wiki ya pili, mkaja kunicheka. Wiki iliyofuata nchi nyingine zikaanza kuibeba, mkapunguza sauti. Gharama ikarudi, na mpaka inamaliza ilikuwa imepata karibu nyingine kama hiyo, pungufu kidogo ya nilivyosema. Mkungu uliletwa. Ulikuwa mwembamba na kijana aliuleta kwa pikipiki, lakini niliupokea. Mutalemwa hakutikisika. Akasema dunia haikodi jengo la Omurushaka, yeye anasubiri Jumapili.

Nakala ikafika. Ijumaa nikamwambia Kemilembe anitolee kiti, nikakaa mlangoni kama zamani, nimevaa gauni la kanisani. Mabenchi manane tu. Nikasema si neno, siku ya kwanza ni ya kusambaza habari. Picha ikaisha, watu wakaanza kutoka, na kila mtu akainama, akanipa shikamoo, akasema picha nzuri sana.

Nzuri sana. Wote. Hata wale waendesha bodaboda ambao hawajawahi kusifia kitu.

Nawaambieni kweli, hapo niliogopa. Kemilembe alikuwa ameegemea mlango, na kanuni yangu anaijua tangu utotoni. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Bibi, wanasifu." Machozi yakamtoka pale pale mbele ya wateja. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba nimeijua dunia nzima nikaisahau Omurushaka, na kwamba kwa kujidai kwangu nimempotezea mtoto riziki yake.

Asubuhi nilikuwa naanika kahawa kwenye turubai, jirani akapita, akasimama akanisalimu vizuri, akaniuliza habari za magoti, akasema kahawa yangu ni nzuri sana. Nikaitazama. Ilikuwa imeloa mvua ya juzi na kuanza kuoza. Hapo nikajipiga kipaji cha uso. Bibi mzima mwenye mvi, gauni la kanisani, amekaa mlangoni kama mama wa harusi. Nani angenitukania picha mbele yangu? Kosa lile lile la ujana nililirudia uzeeni, tena safari hii sikuhitaji hata kuuliza. Nilikuwa swali mimi mwenyewe.

Jumamosi sikukanyaga ukumbini. Nilikwenda kwa mama muuza chai, ng'ambo ya barabara, nikakaa nyuma ya rundo la kuni ambapo hakuna anayeniona. Picha ya mchana ilipoisha wakavuka kuja kunywa chai. Mungu wangu, walivyoitukana! Upuuzi, uchafu, nani aliandika hadithi ile. Kisha mmoja akauliza kama kweli yule mwanamume angemwacha mkwe afe. Mwingine akasema bora kufa kuliko aibu ile. Mzee mmoja akajibu kwamba mkwe akifa mikononi mwako utakwenda kumwambia nini mkeo. Vikombe vikapoa. Mwendesha bodaboda akambeba mwenzake mgongoni kuonesha kwamba shuka lilifungwa vibaya. Nilijifunika uso kwa kanga nicheke vizuri. Jioni ile mabenchi yakafika kumi na manne, na wengine walikuwa ni wale wale wa Ijumaa, wamerudi kuhakikisha.

Jumapili baada ya ibada, kabla ya picha, Mutalemwa akaja kwangu na yule mnunuzi wa Muleba, mtu mrefu, mpole, ameshika futi ya kupimia kuta. Walikuwa wanapita kunijulia hali kabla ya kwenda kulipima jengo. Nikawakaribisha uani karibu na turubai, nikawapa kahawa ya kutafuna. Mutalemwa akaniambia kwamba jana aliingia ukumbini kuhesabu watu kwa macho yake, na picha yenyewe ni upuuzi mtupu, nisitegemee kitu.

Sikubisha. Nilimuuliza tu, "Upuuzi gani, mwanangu?"

Akaanza akiwa amekaa. Hadithi haina maana, akasema, na yule mkwe ni mkaidi. Alipofika kwenye daraja akasimama. Kamba ya kwanza ilipokatika akavua koti. Kisha mwanangu, mzee wa kanisa, baba wa watoto wanne, akanyanyua gunia la kahawa akalitupa mgongoni, akaanza kuyumba pembeni ya turubai langu akinionesha mtu anavyokimbia na mkwe. Akasema lile shuka lisingeweza kushika, kwa sababu lilipita chini ya mikono ya mkwe.

"Hapana," akasema yule mnunuzi wa Muleba, na ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa. "Lilipita kiunoni. Mimi nilikaa mbele."

Wakatazamana. Mutalemwa akalishusha gunia. Akasema mikononi. Mwenzake akasema kiunoni, na akaongeza kwamba kwao Muleba mkwe angeachwa pale pale darajani. Mutalemwa akasema huo ni ukatili. Wakabishana mpaka kahawa ya kutafuna ikaisha kwenye kikapu, na mimi sikutia neno hata moja, nilikuwa natazama mikono yao. Mwishowe Mutalemwa akachukua koti, akasema kubishana hakuna faida, picha inaanza sasa hivi, twende tukatazame. Wakaondoka mbiombio bila kuniaga vizuri.

Kemilembe aliniambia baadaye kwamba walipofika, zilikuwa zimebaki nafasi mbili tu, mwisho wa benchi la ishirini, nao wakakaa wamebanana.

Futi ya kupimia kuta waliisahau juu ya turubai, katikati ya kahawa. Ninayo mpaka leo. Yule bwana wa Muleba huja kila picha kubwa inapofika, ananipa shikamoo, anatafuna kahawa yangu, na hajawahi kuiulizia.